Shida ya Bibi ni Mwanga

Mnisamehe, wasomaji, kwa mwandiko huu na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito.

Tunaishi Rhotia, kijiji cha milimani chenye ukungu mwingi. Mwaka ule bibi yangu, mama yake baba, aliacha kulala usiku. Alizunguka uani akijisemea hadi majogoo. Mzee anayetembea usiku watu humwita mwanga, yaani mchawi. Ndama wa jirani alipokufa, minong'ono ikawa maneno ya wazi.

Kisha bibi alianguka mtaroni akaumia goti. Nikampeleka zahanati.

"Mchana anashinda wapi?" nesi aliuliza.

"Ndani, jikoni. Baba anaogopa ukungu utampiga."

"Anasinzia?"

"Kutwa nzima."

"Basi ndiyo hiyo! Giza likiingia, mwili hujitengenezea dawa yake ya usingizi. Uzeeni hupungua, na asiyeona jua, mwili wake haujui hata usiku ni upi. Shida ya bibi yako ni mwanga."

Mlango ulikuwa wazi. Mama jirani, yule aliyefiwa na ndama, alikuwa kwenye foleni. Alisikia maneno yale ya mwisho tu.

Jioni walijaa uani kwetu, wanaume na fimbo zao.

"Hata nesi amesema ni mwanga!" yule mama alipaza sauti. "Kesho aondoke!"

Bibi alikaa kwenye kigoda akitazama mikono yake.

Mimi mbele ya watu hushindwa hata kusalimia. Lakini nilisimama mbele ya bibi, nikasema, "Ni mwanga wa jua. Bibi anakosa jua. Nendeni mkamwulize nesi."

"Kumbe una mdomo!" mzee mmoja alisema. Wengine wakacheka, fimbo zikashuka. "Haya, tutamwuliza. Na tutaona kama atalala."

Nesi aliwaeleza. Tangu hapo kila asubuhi nilimtoa bibi nje, hata kwenye ukungu, nikampa maharage achambue asisinzie.

"Mjukuu wangu, unanitesa," alinung'unika.

Usiku nilikesha mimi, nikisikiliza mlango wake. Ulilia, ukalia tena, bibi akitoka na kurudi. Usiku mmoja ukawa kimya, nikasikia anakoroma. Nililia kwa furaha, nimeziba mdomo kwa shuka.

Sasa hulala, lakini si kila usiku. Akitoka nje, dirisha la yule mama hufunguka kidogo. Kwa hiyo nawaomba, kama kwenu yupo mzee asiyelala, niandikieni mlimsaidiaje. Nasoma polepole, lakini nitasoma barua zote.