Mchi Ulipolia Jumapili

Nilipokuwa mtoto pale Maramba, kinu chetu kilipumzika siku mbili kila wiki. Jumamosi kilipumzika kwa ajili ya mama, Mpare aliyeolewa kwetu na Usabato wake. Jumapili kilipumzika kwa ajili ya bibi mzaa baba, ambaye hakukosa kanisani hata inyeshe mvua ya mawe. Baba alikula kiporo siku zote mbili.

Mama aliposhika mimba, bibi, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa kitongoji, alimwonya.

"Mama Neema, mchi ukilia Jumapili, mtoto huzaliwa bubu. Nimeyaona kwa macho yangu."

"Mama, siku ya saba ni Jumamosi," mama akajibu kwa upole wake ule uliokera kuliko matusi. "Hesabu mwenyewe."

"Na Yesu kafufuka lini?"

Baada ya hapo hawakula sahani moja.

Jumapili iliyofuata, baba na bibi wakiwa ibadani, mama aliniambia nitwange kisamvu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilitazama tumbo lake, nikautazama mchi.

"Twanga mwanangu, leo siku ya kazi."

Nilitwanga polepole, nikiomba majirani wasisikie. Sikuwa nimemaliza aliposhika kiuno na kukaa chini ghafla. Uchungu ulikuwa umeanza, na siku zake bado.

Nilikimbia hadi kanisani. Bibi aliiona mikono yangu ya kijani kabla sijafungua mdomo. Njia nzima hakunisemesha, na mimi nilitamani anipige.

Nilibaki nje ya mlango wa chumba. Nilimsikia bibi akisema, "Wa kiume." Kisha kimya. Vikafuata vikofi vidogo vya mgongoni, kisha kimya tena, na mama akaanza kumwita Mungu. Nilijua ni mimi niliyemziba mdomo mdogo wangu.

Mlango ukafunguka.

"Sogeza kinu hapa! Twanga!"

"Bibi, leo Jumapili..."

"Twanga, we mtoto! Hajalia!"

Kwetu mtoto asiyelia hushtuliwa kwa kishindo. Nilitwanga mpaka kisamvu kikaruka ukutani na viganja vikachubuka, bibi akipiga kelele, "Zaidi! Zaidi!" Ndipo ikaja sauti nyembamba, ya hasira. Bibi akakaa chini kando ya kinu, akalia kuliko mtoto.

Jioni alikusanya kisamvu kilichobaki, akakipika kwa nazi, akamlisha mama kwa mkono wake. Siku ya Bwana haikutajwa tena baina yao.

Yule bubu wa bibi leo ni mhubiri. Juzi nilimkuta gulioni, kipaza sauti mkononi, akibishana na wenzake kuhusu Sabato. Upande wake sisemi, nisije nikagombana na ndugu.

"Nani hapa," akauliza, "aliyewahi kuivunja siku ya Bwana akapata baraka?"

Nilikuwa nimesimama nyuma na fungu langu la kisamvu. Nilinyanyua mkono, lakini hakuniona.