Radiatere Iliyokula Unga

Mama alipofariki kule Mahagi, mimi binti yake nilimleta baba akae nami Bunia, katika nyumba yangu ya mtaa wa Rwambuzi. Alikuwa ameendesha lori kwenye njia ya Niania karibu maisha yake yote, mpaka macho yake yakaanza kufifia na tajiri wake akamwomba arudishe ufunguo. Watu walisema sasa muzee atapumzika. Baba hakujua kupumzika. Alikaa kwenye kiti, akasimama, akaenda mpaka kwenye mlango wa ua, akarudi, akauliza ni saa ngapi, akakaa tena.

Kilichomtuliza kidogo kilikuwa motoka yangu. Ni ya zamani, ina nyuma pana, nami huitumia kushuka ziwani Kasenyi kununua samaki na kuwapandisha sokoni. Kila asubuhi, kabla sijaamka, nilisikia kifuniko cha mbele kikifunguliwa. Baba alikuwa anapima kwa kidole maji ya radiatere yanayopoza motere, akiongeza ya kisima kutoka kwenye dumu, ile bidoni yetu ya plastiki. Sikumkataza. Mimi sikupenda kushika mambo ya motere, na yeye alihitaji kazi.

Kisha radiatere ikaanza kuvuja. Asubuhi nilikuta ardhi imelowa chini ya motoka. Baba hakushtuka hata kidogo. Aliniomba yai, akalipasua, akatia ute ndani ya radiatere. Uvujaji ukakoma. Ulipoanza tena, akatia unga wa muhogo.

"Papa, unga utapikwa mule ndani," nikamwambia.

"Ndiyo iko kazi yake, mama," akajibu. "Mayi ikichemuka, unga unaenda kuziba tundu. Siye tulitoka Niania na unga mule ndani, tena tulifika."

Kweli ikaziba. Lakini tangu siku zile sindano ya kipimo cha joto ikaanza kupanda kila nilipopanda mlima wa kutoka ziwani. Mlima ule ni mrefu, na mtu hapendi kusimama pale. Ukisimama, samaki wanaanza kuharibika, au askari anakuja kukuuliza kwa nini umesimama, au anakuja mtu ambaye si askari. Nikajifunza kufungua hewa ya moto ya ndani ili joto litoke kwenye motere, hata kama ni saa sita mchana. Nilipanda mlima madirisha wazi, moto ukinipiga miguuni, jasho likinishuka mgongoni, macho kwenye sindano zaidi kuliko barabarani. Redio nilikuwa nimeizima ili nisikilize motere. Hata nyumbani nikila, sikio langu lilikuwa bado mlimani.

Baba naye alinisubiri mlangoni. Kabla ya kunisalimia, aliuliza: "Sindano ilipanda mpaka wapi?"

"Ilipita katikati, Papa."

"Kesho nitatia kitu."

Siku moja motoka haikungoja kesho. Nilikuwa nimefika karibu nusu ya mlima, nyuma nimejaza makasha ya samaki, sindano ikaenda mpaka mwisho na mvuke ukaanza kutoka mbele kama chungu kimeachwa motoni. Nikazima, nikashuka. Kifuniko cha radiatere hakiguswi wakati kama ule. Mvuke unaweza kukubabua uso. Basi nikangoja. Nikazunguka motoka. Nikatazama chini ya mlima, nikatazama juu, mawingu yalikuwa yanakusanyika. Pikipiki zilipita bila kusimama, na kila moja iliyopunguza mwendo ilinifanya nishike ufunguo kwa nguvu. Maji niliyobeba yalikuwa machache. Ilipopoa, nikafungua kwa kitambaa, nikamimina yale yote, hayakutosha. Mwishowe nikachota maji ya barafu iliyoyeyuka chini ya samaki, nikayamimina humo. Nilifika Bunia kwa kusimamasimama, motoka ikinuka kama jiko la soko.

Asubuhi niliipeleka kwa fundi. Baba akasema lazima aende pia, nikamchukua.

Fundi aliitoa radiatere, akailaza mezani, akamimina maji kwa juu. Kwa chini yakatoka tone moja moja. Akakunjua meno ya bati yaliyoshika kisanduku cha plastiki cha juu, akakiinua. Vijia vyote vya maji vilikuwa vimezibwa na kitu kama ugali uliokauka, umechanganyika na udongo mwekundu. Akakwangua kwa bisibisi, akacheka.

"Nani alitia bitu hii humu? Huyu mutu alitaka kuua motere."

Nikatazama chini. Nilitaka kusema kwamba niliinunua motoka hivyo hivyo. Baba akanitangulia.

"Ni miye," akasema.

Fundi akaacha kucheka. Akafuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Muzee, usinikasirikie. Zamani radiatere zilikuwa za shaba. Ikiziba, unaifungua, unapitisha waya, inaendelea na kazi. Hiyi iko aluminiamu. Njia zake ni ndogo sana, haikubali unga. Hata mayi ya kisima haikubali, sababu ya ule udongo. Hapa ni kubadilisha tu."

Baba akaitika kwa kichwa. Tukaiacha motoka kwa fundi, tukarudi kwa miguu.

Radiatere ya kufanana na ile haikupatikana mjini. Ilibidi iagizwe Kampala, na gari lililoileta lilikwama barabarani kwa sababu ya mvua. Katika kungoja kule, nyumba ilitushinda sote wawili. Mimi nilimpigia fundi simu asubuhi na jioni mpaka akaacha kupokea. Baba aliacha kuamka mapema. Akaanza kutoka bila kuaga, akarudi jioni viatu vimejaa vumbi.

Siku moja nilimfuata. Nilimkuta mahali malori ya Niania yanapopakia mizigo. Alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, akisikiliza motere zikiwashwa.

"Papa, mbona unazunguka kwa jua hivi?"

Alinijua kwa sauti kabla ya kugeuka. "Na kule nyumbani nifanye nini? Kazi moja nilikuwa nayo, na ndiyo niliiharibu."

Nilimshika mkono kwa sababu ya mitaro, tukarudi taratibu.

Radiatere ilipofika, nilimwambia twende wote. Alikataa. Nikamwambia siwezi kukaa peke yangu garajini siku nzima, na hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa sikujua kungoja. Akavaa viatu.

Kabla ya kufunga ile mpya, fundi alisema lazima motere ioshwe ndani. Baba ndiye aliyemimina maji, ndoo baada ya ndoo, nayo yakatoka mekundu, kisha ya kahawia, kisha meupe. Baadaye fundi akatia maji ya kijani yanayouzwa dukani, akawasha motere huku kifuniko kiko wazi, tukaangalia mapovu ya hewa yakipanda mpaka yakaisha.

"Sasa asubuhi nitaangalia nini?" baba akauliza.

"Unaangalia tu hii chupa ya mayi ya pembeni, muzee, motere ikiwa baridi. Mayi ifike kwa alama. Hapana kufungua."

"Kuangalia," baba akasema. "Na macho gani?"

Fundi akanitazama mimi, kisha akamshika baba mkono, akauweka mbele ya radiatere, kwenye vile vibati vyembamba. "Gusa. Humu kunaingia matope na wadudu, hewa inakosa kupita. Ukitoka ziwani, unaosha na burashi laini, mayi ikitoka upande wa motere kwenda inje. Polepole, bibati hii inakunjika."

Baba alipitisha kidole mara kadhaa, huku na huku. "Naisikia," akasema.

Safari ya kwanza tulikwenda pamoja. Nilipanda mlima na samaki nyuma, na sindano ilikaa chini kidogo ya nusu, haikutikisika. Hata hivyo sikuamini. Nilishika usukani mpaka vidole vikaniuma. Pale juu palikuwa na mwanamke anayeuza muwa, baba akasikia sauti yake, akaomba nisimame. Nikasimama huku motere inanguruma.

"Zima, mama, tule," akasema.

"Isipowaka tena?"

"Tutakuwa tumekula."

Nikazima. Tulikaa na milango wazi, tukatafuna muwa, tukatema makapi kwenye majani. Yeye alikula wake wote, akaomba kipande cha pili. Mimi nilimaliza nusu tu. Kisha nikageuza ufunguo, ikawaka, tukaingia Bunia kabla ya mvua.