Sifa za Mapishi Yasiyo Yangu

Baba yangu alikuwa mpishi hodari kuliko wote niliowahi kula kwao, na mpaka nafika darasa la saba sikuwa nimeonja chakula chake hata tonge moja. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Kwetu Makongeni mpishi hakupika, alipikiwa, na aliyempikia ni mama yangu, ambaye Mungu alimjalia vipawa vingi lakini hicho alimnyima. Ugali wa mama ulikuwa na mabonge. Mboga yake ya sukuma ilichemka hadi ikasahau rangi. Baba alikula yote bila kusema neno, na ukitaka kujua maoni yake uliangalia tu mkono wake ulivyokuwa ukienda kwenye chumvi.

Nyumba yetu ilikuwa ya reli, na tuliipata kwa kazi ya mama. Alikuwa karani wa tiketi pale stesheni, mwanamke wa sare iliyopigwa pasi na kalamu sikioni. Lakini mtaani nyumba ilijulikana kuwa ya baba. Mgeni akibisha hodi aliuliza kama mwenye nyumba yupo, na mama, aliyekuwa ndiye mwenye nyumba, alijibu kwamba bado hajarudi, karibu ukae umngoje. Hakuna aliyeona kichekesho hapo isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa mtoto.

Baba naye alifanya kazi Lavington, mtaa wa matajiri, kwa mjane mmoja wa Kizungu, aliyebaki nchini wenzake walipoondoka na kubaki na desturi zao zote. Huko baba alivaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na kofia, akapeleka supu mezani kwa glavu. Likizo moja alinichukua nikaone. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, na kijukuu cha yule bibi, msichana wa rika langu, kikaja mbio kikamwita baba kwa jina lake la ubatizo, kavukavu, bila bwana wala mzee, kikataka maji ya machungwa. Baba akakimiminia huku akitabasamu. Nilitamani kukifinya kile kitoto. Baba huyu nyumbani hatukuthubutu kupita mbele yake bila kuinama.

Akirudi Makongeni alikuwa na kiti chake, gazeti lake na chai yake. Nikamuuliza siku moja kwa nini hatupikii sisi. Akashusha gazeti kidogo.

"Kule ni kazi," akasema. "Hapa ni nyumbani."

Ndivyo ilivyokuwa kwa wanaume wengi waliotoka Ukambani kuja kupika katika nyumba za Wazungu na Wahindi. Kugeuza mchuzi mbele ya mwajiri kulikuwa ajira ya mwanamume. Kuugeuza mbele ya mke wako kulikuwa aibu. Mzungu hakujiuliza mpishi wake anakula nini kwake, na Makongeni hawakujiuliza pia.

Halafu mama akapandishwa cheo. Treni ya Mombasa iliondoka jioni, na sasa yeye ndiye angesimamia madirisha ya tiketi saa hizo. Alikuja nyumbani akicheka peke yake njia nzima. Tulifurahi naye mpaka chai ikapoa, ndipo swali likaja, nalo halikuulizwa. Macho yote yaligeuka kwangu, pamoja na ya kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili na kuwa na mikono miwili mizima sawa na yangu.

Saa ambazo mama angekuwa kazini ndizo saa za masomo ya ziada shuleni. Walimu walikuwa wanatuandaa kwa mtihani wa darasa la nane, na nafasi za sekondari hazikuwatosha watu wote. Nilizitaka shule zile kwa uchu. Nilitaka sketi yenye mikunjo na sanduku la bati lenye jina langu. Badala yake nikawa nainamia stovu ya mafuta ya taa huku wenzangu wakitafuta eneo la duara. Nikaunguza maharagwe, nikaunguza sufuria, na muhula ulipokwisha nikaanguka hesabu, somo ambalo halikuwahi kunisumbua tangu nijue kuhesabu vidole.

Baba aliisoma ripoti yangu kama alivyosoma gazeti, toka juu hadi chini, kisha akairudia. Hakunigombeza. Muhula mpya ulipoanza alirudi na mfuko wa sisali chini ya kwapa. Yule bibi alikula sana mchana, na jioni alitosheka na mkate na supu iliyoachwa tayari, kwa hiyo baba alikuwa akifika mapema. Nilikuwa nachambua mchele. Akafunga mlango, akafunga dirisha, akavuta pazia, akaingia nyuma ya shuka lililogawa chumba. Alipotoka alikuwa amevaa kanzu ya zamani ya kazini, mshipi, na kofia.

"Chukua vitabu vyako," akaniambia. "Kazi ya jikoni si yako."

Nilielewa baadaye kwamba ndiyo njia pekee aliyoipata. Mume wa nyumba ile hangeweza kupika, lakini mpishi angeweza. Basi kila jioni mume alikwenda nyuma ya shuka akamleta mpishi.

Siku hiyo ya kwanza niliporudi kutoka masomo ya ziada nilikuta supu. Tulipoimaliza akaondoa bakuli, akaleta samaki kwenye mchuzi mweupe, kidogo, na viazi vilivyopondwa kwa maziwa. Akaondoa hivyo pia, akaleta kitu kitamu kilichotikisika. Alisimama nyuma yetu mkono mmoja mgongoni. Kaka yangu alikuwa wa umri ule ambao tumbo halina mwisho, na akaninong'oneza kwa Sheng yake, "Sasa hii ni dishi ama ni dawa? Ugali iko wapi?"

Baba alisikia. Na hapo tukagundua jambo ambalo hata yeye nadhani hakuwa amelifikiria: hakujua kusonga ugali. Alitoka mikononi mwa mama yake akiwa mtoto kwenda kuwa toto wa jikoni, yaani mtumishi mdogo, kwa Wazungu, na Wazungu hawakula ugali; kisha akaoa. Ugali ulimjia umeiva maisha yake yote.

Mama aliporudi alikuta sahani yake imefunikwa. Alikula polepole, akalamba kijiko, akamtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii," akasema.

"Ni kazi tu," baba akajibu.

"Basi Jumapili nitakufundisha kazi."

Ile Jumapili bado hunichekesha. Mama, aliyekuwa mpishi mbovu kuliko wote katika safu yetu, alimsimamia mpishi wa Lavington kama mwalimu mkali. "Usipapase, songa. Unamwogopa nani?" Baba alitoka jasho mpaka kofia ikalegea. Mabonge yake yalikuwa makubwa kuliko ya mama, na mama alifurahi sana. Sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja hivyo.

Kuta za Makongeni hazifichi harufu. Wanawake walianza kuniuliza pale bombani tunapika nini, na baba alikuwa ametuonya tusimtaje. Nikajibu kwamba ni mimi. Sifa zikanivamia. "Mtoto wa Mama Tiketi ana mkono," walisema, na jirani mmoja akaniletea binti yake nimfundishe. Nilimwambia siri yangu ni kutoharakisha, kisha nikaharakisha kuondoka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila mimi sikuwa hata na tembo la kutia maji.

Aliyezisikia sifa hizo vizuri zaidi alikuwa baba mkubwa, ndugu mkubwa wa baba, dereva wa Mhindi mmoja mwenye duka la jumla la vitambaa. Alikuwa akipita Jumamosi jioni, mama akiwa kazini. Akija alimkuta baba tayari amevua kanzu, ameketi na gazeti, nami nikaleta chakula kwa magoti kama inavyopasa. Alikula, akanisifu, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo kwa sababu siku ninayoisimulia sasa nilimchukia.

Nilikuwa darasa la nane, mtihani ukiwa karibu. Baba mkubwa alimaliza nyama, akapangusa mdomo, akasema ameniletea bahati. Mke wa mwajiri wake alikuwa anatafuta msichana wa jikoni wa kulala hapohapo. Waajiri hawataki tena wapishi wanaume, wanataka wasichana, kwa sababu msichana hutazama na watoto. Yeye alikuwa ameshanisema vizuri, na baada ya mtihani nilikuwa nangojewa.

"Sekondari anasoma kaka yake, inatosha," akasema. "Huyu ana mkono tayari, asome nini zaidi?"

Nilikuwa nimesimama na birika la kunawia, na maji yakaanza kumwagika miguuni kwangu. Baba akasema kwamba mimi ni mtoto bado.

"Wewe ulianza kazi ukiwa mdogo kuliko huyu," ndugu yake akamkumbusha. "Na tulikushukuru."

Hilo lilikuwa kweli, na baba hakuwa mtu wa kumpinga mkubwa wake. Kaka yangu alitazama sakafu. Nilimwona baba akitafuta namna ya kupita bila kujeruhiwa, kama alivyopita maisha yake yote baina ya Lavington na Makongeni, na nikaona kwamba safari hii njia haikuwepo. Ama angejisema yeye, ama ningekwenda kwa Mhindi.

"Kaka," akasema hatimaye, "huyu mtoto hajui kupika."

Baba mkubwa akacheka. "Na hii nyama?"

"Ni yangu. Na ya juma lililopita. Vyote ulivyokula hapa vilikuwa vyangu. Huyu ukimpa yai lichemke atalileta jeusi."

Ndugu yake hakuamini. Alidhani ni ujanja wa mzazi asiyetaka kumwachilia binti yake. Akasema hajawahi kuona mwanamume wa ukoo wao akipikia watu wake mwenyewe. Baba akainuka. Hakwenda nyuma ya shuka. Alikunja mikono ya shati la nyumbani, akawasha stovu, na kwa sababu mafuta ya taa yanatoa moshi, akaufungua mlango wazi kabisa. Bombani kulikuwa na wanawake na ndoo zao. Mmoja akasita, kisha wote wakasita.

Baba hakuwatazama. Alingoja maji yachemke, akatia unga, akashika mwiko. Wakati huo ugali wake ulikuwa umenyooka. Mama alikuwa mwalimu mzuri kuliko alivyokuwa mpishi. Baba mkubwa alikaa na mikono yake magotini akimwangalia mdogo wake akisonga, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeonyeshwa kidonda. Kisha harufu ikamfikia. Nadhani hakujua cha kufanya na aibu na njaa kwa pamoja.

"Sasa mimi nitamwambia nini yule mama?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwambie mpishi amepatikana ila ana kazi tayari."

Kule bombani mtu aliangua kicheko, na baba mkubwa naye, baada ya kukaza uso alivyoweza, akacheka. Mimi nilikuwa bado na birika langu, nimelowa, sijui kama nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili.

Baba akanigeukia, mwiko mkononi, mlango wazi, mtaa mzima ukimsikia. Alisema maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia akiambiwa kaka yangu tangu nizaliwe, na ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia mimi.

"Wewe nenda ukasome. Chakula kikiiva nitakuita."