Tulipiga Tent Juu ya Mafunjo ya Yala, Asubuhi Ardhi Ilikuwa Imetembea

Niaje wakuu. Hii sijasimuliwa na mtu, ilinipata mwenyewe, na niliyekuwa naye anauza mitumba Soko la Toi hadi leo. Sitii chumvi.

Kabla muulize: ndiyo, mimi ni dame. Naendesha pikipiki Kawangware, napeleka parcel za watu. Zainabu, huyo wa mitumba, ni Mnubi wa Makina, Kibera, na yeye ana piki yake. Tulijuana siku alipata puncture nyuma ya mtaa wa Highrise nikamsaidia. Saa hii ni kama dada yangu.

Sasa Zainabu akapata tent ndani ya bale ya nguo. Nzima, zip zote ziko.

Akaniambia, "Hii siuzi. Twende tulale huko nje kama watalii."

Kwetu ni magharibi, so nikasema twende kinamasi cha Yala. Nikiwa mtoto nilikiona kwa mbali tu, kijani mpaka macho yanachoka.

Tulilala Kisumu, kesho yake jioni tukafika. Barabara ya murram iliishia kwa ukuta wa mafunjo, yale matete marefu ya kusuka mikeka, yamekupita urefu mara mbili. Hakuna nyumba karibu. Hatukuuliza mtu. Hapo ndipo tulikosea.

Piki tuliziacha kwa udongo mgumu. Mbele kidogo tukaona mahali mafunjo yamelala, pametandazika vizuri. Ukikanyaga panadunda kama godoro. Tulicheka sana. Tukapiga tent hapo, tukala chapo na maharagwe, tukalala. Zainabu anakoroma, lakini hiyo ni story ingine.

Niliamka kukianza kupambazuka. Ukungu mweupe, huoni hatua tano.

Nikatoka kuangalia piki. Hakuna.

"Zainabu! Wametuibia!"

Nikatembea nikifuata njia tuliyokuja nayo. Hatua ya kumi, mguu ukaingia majini mpaka goti. Nikajaribu upande mwingine. Maji. Nyuma ya tent pia, maji.

Wakuu, hakuna aliyeiba kitu. Ni sisi tulikuwa tumeenda. Kile kipande chote cha mafunjo kilikatika kutoka ukingoni, upepo ukakisukuma na sisi juu yake tukiota ndoto.

Phone, network sufuri.

Ndio tukasikia mtu anaita.

"Oduor! Oduor eeee!"

Sauti ya mwanamke. Anaita mara mbili, ananyamaza kama anasikiliza, anaita tena. Saa hii kushoto. Baada ya kidogo, iko nyuma yetu. Hakuna sauti ya nyayo, na nyayo zingetoka wapi?

Nilitaka kujibu. Zainabu akaniziba mdomo na mkono.

"Usiitike," akanong'ona. "Si jina lako."

Akaanza kusoma Ayatul Kursi polepole. Mimi Mkristo lakini niliitikia amina. Sauti ikapita karibu sana, halafu ikaenda zake.

Jua lilipotoka ukungu ukapungua. Tukaona ukingo uko mbali, piki zetu ni vidoti viwili. Na kando ya tent maji yalikuwa yanapanda kwa nyasi. Kipande kikubwa kama meza kikamomonyoka tukikiangalia, kikaenda. Sijui kuogelea. Zainabu pia hajui. Sasa tukapiga nduru mpaka koo zikakauka.

Alikuja na mtumbwi, mama wa miaka kama hamsini, leso kichwani. Akasimamisha mtumbwi kando ya tent.

"Mlikuwa hapa wakati naita?"

"Ndiyo, mama."

"Na mbona hamkuitika?"

Zainabu akasema, "Tulidhani unaita mtu mwingine."

"Naita mtu mwingine. Hata kama si yeye, si mtu angenijibu?"

Tuliona aibu, hakuna namna ya kueleza.

Akituvusha alituambia Oduor ni bwanake. Miaka sita iliyopita alienda kukata mafunjo, kipande kikakatika naye. Hawakupata mwili, hawakupata hata panga. Familia ilitaka kumfanyia matanga, yeye akakataa. Kila asubuhi akiona kipande kimetoka ukingoni, anakizunguka na mtumbwi akiita.

Katikati ya maji akaacha kupiga kasia. Akaita. Zainabu, bila kuambiwa, akaita pia. Nikaita na mimi. Wanawake watatu, jina moja.

Ndani ya mafunjo kitu kikakohoa.

Kikohozi kifupi, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea.

Mama akasema, "Ni nzohe. Swala wa majini. Hukohoa hivyo."

Lakini hakushika kasia. Tulikaa pale muda mrefu, yeye ameangalia upande ule, na hakuna aliyethubutu kumwambia twende.

Nilichojifunza: usipige tent kwa kinamasi kabla ya kuuliza wenyeji ni wapi pana ardhi ya kweli. Na ukisikia mtu anaita mahali kama hapo, itika hata kama si jina lako. Uoga wetu ulimfanya mama apite mara ya kwanza akidhani hakuna mtu.

Waliokulia huko Yala, niambieni ukweli. Nzohe hukohoa hivyo? Zainabu ananiuliza kila wiki.