Darubini Mbili na Nusu ya Buni

Usiniamini mimi. Bunduki ipo, darubini ipo, na mke wangu Adelina yupo nyumbani Kamachumu, nenda kamuulize. Atakusimulia vizuri tu, ila simulizi yake na yangu hazifanani, na hapo ndipo kichwa kinaponiuma mpaka leo.

Nguruwe pori walikuwa wamemaliza mihogo yetu. Mchana wanajificha kwenye majabali ng'ambo ya bonde, na huwezi kuwasogelea, maana ukiteleza mara moja wamekusikia. Mimi nina bunduki ya marehemu baba, ina leseni, na kibali cha kuwapiga nilikuwa nacho. Macho tu ndiyo yameanza kuchoka. Rafiki yangu wa Bakoba, mwindaji wa zamani, akaniazima darubini mbili za bunduki. "Panda nazo mlimani," akasema, "zijaribu zote. Utakayoipenda ni yako, nyingine unirudishie."

Kubwa ilikuwa ndefu, nzito, inavuta kitu cha mbali mpaka unataka kukigusa. Ndogo ilikuwa nyepesi, haivuti sana, ila inakuonyesha nusu ya mlima kwa mara moja. Wewe ungechagua ipi? Mimi na tamaa zangu nilichagua kubwa. Jioni moja nikapanda, nikakaa juu ya jiwe, nikaifunga kwenye bunduki. Bisibisi ikateleza ikanichana dole gumba. Ndogo nikaiacha mkobani.

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka ziwani. Mara nikasikia sauti nyuma yangu: "Osibile ota, mwana wange?" Umeshindaje, mwanangu, ndivyo wazee wetu wanavyosalimia jioni. Nikageuka. Alikuwa mzee mwenye koti refu la zamani, mkono wa kulia kauficha mfukoni. Sikumjua. Nikaitikia kwa heshima, nikampisha akakaa kushoto kwangu. Akatoa kahawa kavu, ile ya kutafuna, akanipa kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa buni moja tu.

Sasa kwetu mtu hatafuni kahawa huku mwenzake anamtazama. Nikaipasua kwa kidole kilekile chenye damu, punje moja nikamrudishia, moja nikatafuna. Adabu tu! Ningejuaje?

Bado naitafuna, nikaona kitu ng'ambo. Nikaweka jicho kwenye darubini. Ikajaa mgongo wa kahawia, umeinama, unatikisika ndani ya majani. Mgongo na ukungu, basi. Nguruwe, tena mkubwa. Kidole kikaenda kwenye triga.

"Tazama na ile nyingine kwanza," mzee akasema.

"Atakimbia, tata," nikasema, nikimwita baba kwa heshima.

"Hakimbii. Tazama."

Sijui kwa nini nilimtii. Niliilaza bunduki, nikatoa ile ndogo mkobani, nikatazama nayo hivyohivyo mkononi. Nikaona bonde, nikaona jabali, nikaona mzigo wa majani makavu umetuliwa chini. Pembeni ya mzigo mwanamke amepiga magoti, ameelekea kwetu, mikono ameikutanisha. Kitambaa chekundu kichwani. Adelina! Asubuhi aliniaga kwamba anakwenda kukata majani ya kutandaza mgombani, lakini alisema upande wa kanisani, si huku. Mgongo nilioulenga ulikuwa ule mzigo, na yeye chini yake, kabla hajautua.

Nilidhani ananiomba nisimuue. Nilitoa risasi zote, nikalia bila aibu. Nilipogeuka kumshukuru mzee, jiwe lilikuwa tupu. Majani yote yalikuwa yamelowa, na njia iliyokanyagwa ilikuwa moja tu, ya kwangu.

Nilimkuta Adelina nyumbani anakoka moto. "Ulijuaje kama nakulenga?" nikamuuliza.

"Kunilenga? Mimi?" Akaacha kuni. "Mimi nilipiga magoti kumsalimia baba mkwe. Si ulikuwa umekaa naye pale juu ya jiwe?"

Baba tulimzika kibanjani kwetu, na Adelina mwenyewe alipika msibani. Halafu mimi nimsahau baba yangu aliyenizaa? Niamini, yule hakuwa baba.

Kesho yake nikaenda Ijuganyondo, kwa mama, anakoishi na dada yangu. Nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye koti na mkono wa mfukoni, mama akaacha kumenya ndizi.

"Huyo ni Ishengoma, mwenzake baba yako. Mkono ule haukuwa na vidole. Alianguka akafa kwenye jabali hilohilo wakiwinda, wewe hujazaliwa. Walikula mukago."

Mukago ni undugu wa damu. Zamani rafiki wawili walichanjana, wakapaka damu punje mbili za buni moja, kila mmoja akameza ya mwenzake.

"Waliokula mukago ni mtu mmoja," mama akasema. "Mkeo hakukosea, na wewe hukukosea." Halafu akatazama dole gumba langu. "Hiyo buni aliipasua nani?"

Nikakificha kidole mfukoni.

Darubini kubwa niliirudisha Bakoba. Ndogo ninayo, na bunduki nimeifungia. Nguruwe wale mihogo, washibe. Lakini tangu siku ile, kila buni ninayopasua ina punje moja. Najua, utaniambia buni za hivyo zipo. Zipo, kila mkulima anazijua, moja hapa moja pale. Zote? Adelina akipasua za mti huohuo anapata mbili mbili. Nani anachukua ya pili, Ishengoma au baba? Na mwenzako wa mukago akija kuomba kitu humnyimi. Huyu wangu atakuja kuomba nini? Naogopa, siwezi kukudanganya.

Kwa hiyo, ukitafuta darubini ya mlimani, chukua inayokuonyesha na walio pembeni. Na mzee usiyemjua akikupa buni moja, itafune yote peke yako. Heri uonekane huna adabu.