Mjerumani wa Porfiri Savvich

Jirani yangu huko Petersburg, ndugu zangu, alikuwa Porfiri Savvich Lubyagin. Ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba, kila akijisifu nilimsikia. Kazi yake ilikuwa kufasiri mashairi ya Kijerumani.

Ujanani alitunga shairi lake mwenyewe, la mjane anayengoja barua. Akajua mhariri wa gazeti atalitupa, maana waungwana wetu siku hizo walisujudia kila kilichotoka Ujerumani. Basi akaandika chini yake: "Kutoka kwa Gottlieb Amsel." Amsel huyo hakuwahi kuzaliwa. Shairi likachapwa wiki ileile.

Miaka ishirini baadaye, Zakhar Ilyich Tverdov, mtunzi wa muziki, akalitungia sauti na piano. Mji mzima ukaliimba. Jalada la noti za wimbo huo likasema: muziki wa Tverdov, maneno ya Amsel. Porfiri hakupewa hata herufi moja. Sasa ndipo akataka jina lake.

Akavaa koti lake la kuendea harusi za watu, akaenda kwa Tverdov. Akamkuta anakunywa chai na profesa wa Kijerumani.

"Amsel ni mimi," akasema.

Tverdov akacheka hadi chai ikamwagika. "Baba wee, Porfiri Savvich! Na Zaburi je, si wewe uliyeziandika?"

"Basi nionyesheni hilo la Kijerumani! Halipo!"

Profesa akapangusa jamu ndevuni. "Halipo? Nililisoma nikiwa mwanafunzi kule Leipzig. Linaliza. Hiyo tafsiri yako, bwana wangu, ndiyo inayokwaruza kama kiatu kipya."

Hapo mtu mwenye akili angesema: haya, profesa, tusomee mstari mmoja tu. Porfiri wetu akavimba shingo.

"Inakwaruza wapi? Tafsiri yangu ni sahihi neno kwa neno!"

"Umesikia, profesa?" Tverdov akasema. "Tafsiri yake. Kakiri mwenyewe."

Wakamhurumia. Chapa iliyofuata ikaweka jina lake chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani: amefasiri P. Lubyagin. Naye akaweka sahihi kwenye hati ya kukubali, akashukuru, akainama.

Nilikaa naye kwenye tamasha. Wimbo ulipokwisha, bibi mmoja aliyekuwa analia, aliyemsikia akijisifu kwangu, akamgeukia.

"Wewe ndiye mfasiri? Ulimjua marehemu Amsel?"

"Kwa karibu sana, mama," Porfiri akajibu, huku akinyoosha koti. "Mtu mgumu yule. Hakunishukuru hata siku moja."