Nilimfukuza mama chai bustanini Babati, mti wangu ukaniumbua

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma visa vya watu, nacheka, nazima simu nalala. Leo nimeona niwape zamu na nyie mnicheke.

Hiki kisa kimenitokea mwenyewe, sikusimuliwa na shemeji wala jirani. Watu wa Babati wanaokijua wamo humu, na wakitokea kwenye komenti kuongeza chumvi msiwaamini. Chumvi iliyopo inatosha kabisa.

Turudi nyuma kidogo.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, ndiyo kwanza tumetengwa na Arusha. Babati yetu ya vumbi na mabasi yanayopita, tukaamka siku moja tukaambiwa sisi ni makao makuu ya mkoa.

Wakuu, kile cheo kilitupanda kichwani vibaya sana!

Mtu aliyekuwa anauza misumari akaanza kutembea na faili kwapani. Watu wakawa wanasema "ngazi ya mkoa" hata kwenye vikao vya harusi. Mimi nilikuwa na kiduka cha madaftari, nikapaka rangi upya na kuandika "Vifaa vya Maofisi". Kalamu zilikuwa zilezile.

Sasa mtaani kwetu kulikuwa na kiwanja cha wazi. Mbuzi, mifuko ya rambo, na njia ya mkato ya kwenda sokoni. Wazalendo tukakutana, tukasema haiwezekani makao makuu ya mkoa yakakosa bustani. Tukaunda kikundi cha kujitolea, watu ishirini na kitu.

Kabla hatujachimba hata shimo moja tulishakuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, mlezi na muhuri.

Ndiyo, muhuri. Huo muutunze kichwani, tutauhitaji mbele.

Sitaki kuwaonea watu, mwanzoni tulipiga kazi. Kila Jumamosi majembe, mafyekeo na toroli la kuazima. Tukazungushia miiba kuzuia mbuzi, tukapanda miti ya kivuli, tukagonga mabenchi. Kila mwanachama akakabidhiwa mti wake autunze, na kila mti ukawekewa kibao cha bati chenye jina la mwenye mti.

Wazo la vibao lilikuwa la nani? La mtu mmoja mwenye kiduka cha madaftari.

Mti wangu ulikuwa mjakaranda, kona ya juu karibu na barabara.

Na pale konani, pembeni kabisa ya miiba, alikuwepo Mama Paskali. Huyu ni mama wa kutoka kijiji cha Bonga, anauza chai na maandazi asubuhi, mchana wali maharage. Jiko la mkaa, benchi moja, turubai. Alikuwepo pale kabla ya bustani, kabla ya kikundi, na kabla ya mkoa wenyewe. Ana watoto wanne, mume alishaondoka zake, na ile kona ndiyo iliyokuwa inawalisha na kuwasomesha wote.

Basi mvua zikakata, na uzalendo ukakata.

Jumamosi tukawa kumi, tukawa sita, tukawa wanne. Na hao wanne wa mwisho walikuwa wanakuja wamevaa fulana za kikundi, wanapiga picha wameshika jembe, wanarudi nyumbani. Miti ikaanza kukauka mmoja baada ya mwingine. Ukipita unaona vibao vimesimama pembeni ya vijiti, majina ya watu yamepangwa kama makaburini.

Mti wangu je?

Wakuu, mti wangu ulikuwa unanawiri! Kiangazi kile, na ule upepo wa Babati, mti umenifika kifuani na majani mabichi kabisa.

Na nilikuwa naumwagilia? Jumamosi ndoo moja. Jumamosi nyingine nasahau. Ndoo moja kwa wiki kwenye kiangazi kile ni kuutania mti, lakini sikujiuliza hata siku moja. Badala ya kujiuliza, nikaanza kufundisha.

Nilikuwa nasimama pale mikono nyuma, nawaambia wenzangu, "Kupanda ni mkono. Kuna watu wana mkono na kuna watu hawana." Mimi huyu, ambaye nyumbani hata mchicha ulikuwa unanishinda.

Kulikuwa na Mzee Athumani, muuza vitambaa, mteja wa kila siku wa Mama Paskali. Mti wake ulikuwa hatua kama kumi tu kutoka wangu na umebaki kijiti. Siku moja nikamwambia mbele za watu, "Shikamoo mzee. Huo mti wako sasa unahitaji maombi."

Watu wakacheka. Mzee akaitikia marahaba, akatabasamu, akaendelea na chai yake.

Lile tabasamu nilikuja kulielewa baadaye sana.

Uchaguzi wa kikundi ukafika, nikashinda uenyekiti. Sifa yangu ilikuwa mti. Hakuna aliyeuliza kama naweza kuongoza watu.

Haikupita muda tukasikia kuna wageni wakubwa watapita kukagua bustani. Kikao cha dharura kikaitwa. Ikasemwa kwamba pale konani pana moshi, masufuria na maji machafu, na kwamba mama ntilie mlangoni mwa bustani ya makao makuu ya mkoa ni aibu.

Nani alisema? Mimi.

Waliohudhuria walikuwa sita. Wanne wakanyoosha mikono nikiwemo mimi, katibu akawa anaandika, Mzee Athumani hakuunga mkono wala hakupinga. Alikuwa ananiangalia tu.

Nikaandika barua, nikagonga muhuri, nikampelekea mwenyewe. Na kabla sijampa, nilikaa kwenye benchi lake nikanywa chai na maandazi mawili. Nimeamua kusema kweli, basi ndiyo hiyo.

Akaisoma taratibu mpaka mwisho. Akaniuliza, "Baba Ester, mimi nimewakosea nini?"

"Siyo mimi mama, ni kikundi."

"Kikundi ndiyo nani?"

Nikamwonyesha muhuri.

Hakubishana. Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni. Kesho yake kona ilikuwa tupu. Alikuwa amefagia na majivu yote kabla ya kuondoka.

Nyumbani, Mama Ester aliposikia aliniuliza swali moja tu: "Umemfukuza mama wa watu ili wageni waone nini?" Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya ngazi ya mkoa. Siku ile nililetewa ugali na chumvi, na hakuna aliyenieleza chochote.

Wiki ya kwanza, mti uko sawa. Wiki ya pili majani yakaanza kuwa ya njano. Nikatangaza ni wadudu, nikapulizia dawa. Yakaanza kupukutika. Nikatangaza udongo umechoka, nikaagiza gunia la samadi kutoka Sigino, mbichi kabisa, bado ina moto, nikaijaza shinani mpaka juu.

Wakulima mliomo humu mmeshashika vichwa, najua. Mwenye mkono wa kupanda hakujua kwamba samadi mbichi inaunguza.

Wiki ya tatu mti ulikuwa uchi. Mjakaranda mzima umebaki fimbo. Na katibu alikuwa ameshaandika kwenye ratiba ya ugeni: "Mwenyekiti ataeleza siri ya utunzaji wa miti."

Nikawa nashinda pale nauangalia. Siku moja saa tatu asubuhi Mzee Athumani akaja na chupa ya chai ya kutoka nyumbani kwake, kwa sababu pa kunywea hapakuwepo tena. Akasimama pembeni yangu, akamimina kikombe, akanywa.

"Baba Ester," akasema, "huo mti wako sasa unahitaji maombi."

Alikuwa ameyatunza yale maneno miezi yote hiyo!

"Mama Paskali mchele alikuwa anaoshea wapi? Maharage? Vikombe?"

"Hapo konani."

"Na maji alikuwa anamwaga wapi?"

Wakuu, nilisikia joto linapanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Ndoo tano, sita kila siku, miguuni mwa mti wangu, na makapi ya majani ya chai juu yake. Nimekaa kwenye lile benchi mara ngapi, nikamwona akimwaga, nikainua miguu maji yasinilowanishe viatu!

Nikamuuliza, "Sasa mzee kwa nini hukusema kwenye kikao?"

"Uliniuliza? Si ni wewe mwenye mkono." Akacheka mpaka akakohoa. "Nilitaka nikuone siku ya wageni."

"Na yule mama je?"

Hapo kicheko kikakata. Akaangalia kikombe chake, akamwaga chai iliyobaki, akafunga chupa. Kumbe tulikuwa wawili. Mimi nilimfukuza kwa ajili ya sifa, yeye akanyamaza kwa ajili ya kunicheka, na mama wa watu ndiye aliyebeba jiko kichwani.

Nikaenda kumtafuta. Nilimkuta mtaa wa Nangara, amejibanza ukutani mwa mashine ya kusaga, mahali ambapo mtu akishasagiwa unga wake anawahi nyumbani kupika. Saa nne ile maandazi yalikuwa bado yamejaa beseni. Lile sufuria lake kubwa la wali sikuliona. Nilipouliza, akasema ameliuza.

Nilijisikia vibaya, sina maneno mazuri ya kupamba. Vibaya tu.

Alikuwa anasuuza vikombe. Nikaanza hotuba: kikundi kimetafakari, kwa kuzingatia mchango wako... Akanikatisha.

"Baba Ester, umenifuata kwa ajili yangu au kwa ajili ya mti?"

Kumbe habari za mti zilishafika mpaka Nangara. Jibu zuri nilikuwa nalo, nilikuwa nimelipanga njia nzima. Nikaangalia yale maandazi, likanikwama.

"Mti," nikasema.

Akacheka, tena kwa sauti. "Ungesema kwa ajili yangu ningekumwagia haya maji."

Halafu akaniambia kitu ambacho mpaka leo kinanichoma. "Na uelewe, mimi mti wako sikuwahi kuumwagilia. Nilikuwa namwaga maji machafu. Ningekuwa nakaa upande ule mwingine, ungenawiri wa Mzee Athumani."

Mnaona, wakuu? Uenyekiti wangu wote ulitokana na mahali mama alipoona panafaa kumwaga maji ya vyombo.

Masharti yake yalikuwa mawili. Kwanza sufuria lake lirudi. Pili, iandikwe barua nyingine, yenye muhuri uleule, niisome mwenyewe kwa sauti pale konani, wateja wake wakiwepo.

Sufuria tulilinunua mimi na Mzee Athumani, na hakuna aliyembishia mwenzake.

Siku ya barua, benchi lilijaa. Watu ambao Jumamosi hatuwaoni hata kwa dawa, siku hiyo walikuja wote, tena mapema. Nikasimama, nikasoma: kikundi kinaomba radhi, kikundi kilikosea. Mama Paskali akasema, "Kikundi ndiyo nani?"

Nikafuta kwa kalamu, nikaandika jina langu, nikasoma tena.

Mzee Athumani, aliyewanunulia watu wote chai, akainua mkono: "Rudia mwenyekiti, sikio langu hili siku hizi halisikii vizuri." Tangu lini! Nikarudia.

Mtauliza, na wageni je? Walipita. Tumejipanga pale na fulana zetu, magari matatu vioo vimepandishwa, spidi moja kuelekea Dodoma. Tulichopata ni vumbi. Nilishukuru, maana nisingekuwa na cha kueleza mbele ya fimbo.

Mti niliuondolea ile samadi, nikaukata kwa chini kwa aibu. Nilijua umekufa. Mvua zilipokaribia, kwenye kisiki yakachipua machipukizi mawili, upande uleule wa kumwaga maji. Ndiyo maana ule mjakaranda una mashina mawili. Leo ni mkubwa, unaangusha maua ya zambarau juu ya turubai la Mama Paskali, na watu wote wanauita mti wa Mama Paskali. Uenyekiti niliuachia. Maji nabeba kama wengine, na miti mingine tumeipanda upya.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujamwondoa mtu ili mahali papendeze, kaa hapo siku nzima uangalie anafanya nini. Mimi nilikaa miezi, nikawa naangalia kibao changu.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye visa vya kamati zenye mihuri kuliko majembe, leteni tucheke wote. Wa kunitukana pia karibuni, ila mjipange nyuma ya Mama Ester, bado hajamaliza.

Kuhusu kibao, Mama Paskali aliniuliza siku aliyorudi, "Hiki bado una kazi nacho?" Nikamwambia hapana. Akaking'oa, akakipangusa kwa kanga, akaangalia ukubwa wake. Bati jepesi, linashikika vizuri. Tangu siku ile ndicho anachopepelea jiko, na kila asubuhi nikiagiza chai naangalia jina langu likipuliza mkaa mpaka maji yachemke.